Kuosha dhahabu kwa karai Handeni na Kilindi: mwongozo kwa mwanachuo wa Tanga mwenye likizo ndefu

Vyuo vikifungwa, kijana wa Tanga huwa na njia chache za kutafuta hela ya kurudi nayo chuoni: kubeba mizigo sokoni, kuendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila jioni, au kukaa dukani kwa mjomba bila mshahara unaoeleweka. Njia nyingine inaanzia stendi ya Kange, kwenye basi la Handeni. Ni kuosha dhahabu kwa karai kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo. Ni kibarua cha jua na tope, kiuno kinauma, na siku nyingi jioni unaangalia chembe zisizofunika hata ukucha wa kidole cha mwisho. Anayekuahidi kwamba utarudi na pikipiki, muulize yeye yake iko wapi.

Mwongozo huu ni wa mwenye miaka 18 kwenda juu. Aliye chini ya hapo sheria haimruhusu kufanya kazi machimboni, na bosi anayempokea mtoto bila kumuuliza umri hatamuuliza kama ukingo anaouchimba uko salama.

Usianzie Usambara

Mtu wa Tanga akisikia dhahabu milimani, wazo la kwanza ni Amani. Ni kweli dhahabu ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walimiminika Sakale na maeneo jirani ya Usambara Mashariki, wakachimba mabonde na mito midogo ndani ya msitu hadi serikali ikaingia kuwaondoa. Mito ile inaingia Zigi, Zigi inaingia bwawa la Mabayani, na maji ya Mabayani ndiyo yanayotoka bombani Ngamiani na Chuda. Kwa hiyo tope unalolitibua kule juu analinywa mama yako. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na kukutwa humo na karai na sururu ni kesi. Achana nako.

Elekea Handeni na Kilindi, kwenye vilima na miteremko inayokwenda hadi milima ya Nguu. Jina lililovuma zaidi huko ni Magambazi, lakini kuna machimbo madogo mengi yasiyo na jina kubwa. Usidhani kilima kisicho na uzio hakina mwenyewe. Vingi vimeshakatiwa leseni, vingine za wachimbaji wadogo, vingine za kampuni.

Msimu mzuri ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba. Masika yamekwisha, makorongo yamekauka au yamebaki na maji kidogo, na changarawe iliyoletwa na mvua iko wazi. Vuli ikianza mnamo Oktoba, kazi inakuwa ya kuhamisha tope.

Karatasi kabla ya karai

Huhitaji kuwa na leseni yako, lakini lazima uwe chini ya mwenye nayo. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa na Tume ya Madini, ni ya Watanzania, na eneo lake halizidi hekta 10 kwa madini kama dhahabu. Kuchimba pasipo leseni ni kosa, na kukutwa na dhahabu mfukoni usiyoweza kueleza imetoka wapi ni kosa jingine. Kabla ya kusafiri, pita ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa uulize eneo unalotaka kwenda lina leseni hai au la. Ni swali la dakika chache, na linakuepusha na yule jamaa anayekusanya vijana Kange kuwapeleka kwenye eneo ambalo si lake.

Ukifika kijijini, anza na ofisi ya mtendaji. Nenda na kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka mtaa wako. Halafu utafute mwenye leseni au msimamizi wake, na usiende ukijifanya unajua:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Watokea wapi?"

"Tanga mjini, mzee. Natafuta kazi ya kuosha kipindi hiki cha likizo."

"Karai umewahi kulishika?"

"Nimefanya mazoezi nyumbani. Machimboni bado."

Jibu hilo linatosha. Atakupa karai moja la kifusi palepale na kukutazama mikono, na mikono haidanganyi.

Akikukubali, zungumzeni mgao siku hiyohiyo, kabla jembe halijagusa ardhi. Mgao hutofautiana kutoka chimbo hadi chimbo, kwa hiyo uliza hivi: Nalipwa posho ya siku au sehemu ya dhahabu? Kama ni sehemu, inagawanywa kabla au baada ya kutoa gharama za maji, chakula na mafuta ya pampu? Mizani ni ya nani, na nani anapima? Marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, yanabaki ya nani? Swali hili la mwisho wageni hulisahau, na mwenye eneo analijua vizuri sana, maana marudio ya mwoshaji mgeni bado yana dhahabu. Andikeni kwenye karatasi, msaini, na shahidi mmoja. Hata ukurasa wa daftari unafaa.

Kwa mwezi wa kwanza mimi ningeshauri uchukue posho ya siku hata kama ni ndogo. Sehemu ya dhahabu ina maana kwa anayejua kuosha.

Mazoezi ya nyumbani

Hapa watu wa pwani tuna bahati. Nenda kwa wavuvi ununue chubwi moja, risasi ile ya kuzamishia mshipi. Ikate vipande vidogo kama punje za uwele, vingine vidogo zaidi, uvigonge kwa nyundo viwe bapa. Hesabu 20. Vichanganye kwenye karai la mchanga wa ujenzi wenye kokoto na udongo, jaza beseni kubwa maji, uoshe ndani ya beseni hilo ili kinachopotea kibaki humo.

Risasi ina uzito wa mara 11.3 ya maji. Dhahabu ni mara 19.3. Ukiweza kubakiza risasi 18 au 19 kati ya 20, tena mara kadhaa mfululizo, dhahabu itakaa kwenye karai lako. Ukipata 12, bado, na ni heri ujue ukiwa uani kwenu kuliko mbele ya msimamizi. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza kwa sababu risasi ni sumu, na beseni hilo lisirudi jikoni.

Zoezi la pili ni la kutambua mchanga mweusi. Kwenye baadhi ya fukwe za upande wa Pangani, mawimbi huacha michirizi myeusi juu ya mchanga mweupe. Hayo ni madini mazito. Chota mchanga wenye mchirizi huo na uoshe hadi weupe wote utoke na weusi ubaki. Huko chimboni, kila karai utaliosha hadi ubaki na weusi kama huo.

Vifaa

Karai la bati la ujenzi linafaa, ila jipya lina mafuta ya kiwandani, na chembe ndogo za dhahabu hukataa kuzama kwenye mafuta, zinaelea na kuondoka. Lisugue kwa mchanga na sabuni, au lichome kwenye moto wa kuni hadi liwe na rangi ya moshi, uliache lipoe. Rangi nyeusi inasaidia pia kuiona dhahabu. Karai la plastiki lenye mifereji pembeni ni jepesi zaidi na halishiki kutu, ukilipata.

Ongeza chepe, sururu, ndoo mbili, chekeche la waya lenye matundu ya kama nusu sentimita, sumaku kutoka kwenye spika mbovu, sirinji isiyo na sindano, na kichupa kidogo cha dawa chenye kifuniko kinachobana. Buti za mpira usiziache. Maji ya kunywa beba ya kwako.

Wapi pa kuchota

Dhahabu ni nzito mno, kwa hiyo maji huibeba pale tu yanapokuwa na nguvu, na huiangusha yanapolegea. Kwenye korongo itafute upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa, chini ya mizizi iliyoshika changarawe, na hasa kwenye nyufa za mwamba ulio chini kabisa. Mchanga mlaini wa juu karibu kila mara hauna kitu. Unaondoa mchanga, unafika kwenye changarawe, unaendelea hadi mwamba au udongo mgumu wa mfinyanzi, na kile kiganja cha mwisho kilichogandamana na mwamba ndicho cha kuosha. Kwangua nyufa kwa kijiko kama huna kifaa kingine. Wageni huchoka wakiwa wamebakiza inchi tatu.

Kwenye mteremko wa kilima mambo ni mengine kidogo. Dhahabu imetoka kwenye mwamba wa juu na kuteremka na udongo, kwa hiyo osha sampuli moja kila baada ya hatua kumi ukipanda. Chembe zikizidi uko njiani, zikikatika ghafla umeshalipita jiwe lililozizaa.

Jambo la sheria ambalo wengi hulipuuza: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo unabeba kifusi, unaoshea kwenye kidimbwi kilichochimbwa nje ya mita hizo 60 au kwenye pipa lililokatwa, na tope linabaki hapo lituame. Handeni maji yenyewe ni ya kununua kwa dumu sehemu nyingi, hivyo kidimbwi kinakusaidia kuyatumia tena na tena. Yakiwa mazito kama uji, badilisha, maana dhahabu ndogo haizami kwenye tope.

Kuosha kwenyewe

Pitisha kifusi kwenye chekeche kwanza. Mawe yaliyobaki juu yatazame kabla ya kuyatupa. Kisha jaza karai theluthi mbili, si zaidi. Lizamishe lote chini ya maji na uanze kukanda udongo kwa vidole kama unakanda unga wa maandazi. Usiharakishe hapa. Donge moja la mfinyanzi lisilovunjika huondoka na dhahabu ndani yake. Kanda mpaka usihisi bonge lolote, toa kokoto zilizobaki, zisuguliwe ndani ya karai kabla ya kutupwa.

Karai likiwa bado chini ya maji na limelala sawasawa, litikise kushoto na kulia kwa nguvu, mtikiso mfupi mfupi. Usizungushe bado. Mchanga wote lazima uwe unacheza kama kitu cha majimaji, maana hapo ndipo vizito vinaposhuka. Hesabu taratibu hadi ishirini. Anayeruka hatua hii anaosha dhahabu pamoja na mchanga.

Sasa inamisha karai mbele kidogo, mdomo wake ukigusa maji. Lizamishe na kulinyanyua, maji yaingie na kutoka yakiburuta tabaka la juu tu. Mara tatu au nne, kisha simama. Lirudishe lilale, litikise tena kushoto na kulia, halafu inamisha tena. Kazi nzima ni mzunguko huo: tikisa, inamisha, osha kidogo, rudi. Kadiri mchanga unavyopungua, ndivyo unavyopunguza mwinamo na nguvu.

Mchanga mweupe, ambao mwingi ni kwatzi, una uzito wa mara 2.65 tu ya maji na huondoka wa kwanza. Baada yake, ukiwa Handeni, utaona wekundu. Ni ganeti, punje za rangi ya damu ya mzee, maana dhahabu ya Magambazi imo kwenye miamba yenye ganeti nyingi. Mgeni huzishangaa na kuanza kuziokota. Nyingi zimepasuka na hazina bei, ila kuona wekundu umeanza kukaa mkiani mwa karai ni ishara nzuri kwamba mkono wako unabakiza vizito. Nyuma ya wekundu unakuja weusi.

Ukibaki na weusi wa kijiko kimoja hivi, acha kuosha kwenye kidimbwi. Nyanyua karai, bakiza maji kama ya kikombe cha kahawa, na sasa ndiyo unazungusha. Inamisha kidogo na uyaache maji yazunguke polepole juu ya mchanga. Yatausukuma weusi mbele kama pazia, na nyuma yake, pale mchanga ulipoanzia, dhahabu inabaki imekwama. Kwanza ni uzi mwembamba wa njano. Gonga ukingo wa karai kwa kiganja, taratibu, na chembe zitajisogeza pamoja.

Geuka uikinge na jua kwa mwili wako. Dhahabu kivulini hubaki na njano ileile. Mika, madini ya magamba membamba yaliyojaa kwenye miamba ya huku, inametameta juani na kufifia kivulini, tena inaelea na kupeperuka maji yakisogea. Pairaiti, madini ya njano yanayofananishwa na dhahabu, ina kona na ukiibonyeza kwa ncha ya kisu inavunjika unga, wakati dhahabu inabonyea tu. Mtu mmoja kila msimu hukusanya kichupa kizima cha mika na kukificha chini ya godoro. Usiwe wewe.

Vuta chembe kwa sirinji ukiziingiza kwenye kichupa chenye maji. Kama chembe ndogo sana zinaelea, dondosha tone moja la sabuni ya maji na zitazama.

Mchanga mweusi uliobaki usiumwage. Utunze kwenye ndoo. Jioni, au siku ya mapumziko, ukaushe juani, uutandaze kwenye karatasi, na upitishe sumaku uliyoivika mfuko wa plastiki. Ile sehemu ya weusi inayonata kwenye sumaku itatoka, na inayobaki utaiosha upya kwa utulivu. Sumaku unaisogeza juujuu. Ukiikandamiza itanyanyua na dhahabu iliyonaswa katikati ya weusi.

Ukipewa zebaki, kataa

Utamwona mtu akimwaga zebaki kwenye karai kwa mkono mtupu, anaikoroga ishikamane na dhahabu, anaikamua kwenye kitambaa, kisha anachoma donge linalobaki kwenye moto uleule wa chai ili zebaki itoke kwa mvuke. Mvuke wake hauna harufu. Unaharibu ubongo, figo na mtoto aliye tumboni, na haumdhuru anayechoma peke yake, unawafikia pia walioketi karibu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020, lakini kichupa bado kinapita mikononi mwa watu.

Kwa mwosha karai zebaki haina kazi. Chembe unazopata zinakaa zenyewe. Wenye dhahabu ya unga mwembamba sana hutumia boraksi, unga mweupe wa kusaidia kuyeyusha madini, wanaichanganya na mchanga mzito uliooshwa vizuri na kuyeyusha kwenye moto mkali. Dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064 na kukaa chini. Kama mwenye eneo wako anachomea zebaki pale mnapopikia, hamisha sufuria au hama chimbo.

Mambo yanayoua na yanayolaza

Ukingo unaochimbwa kwa chini ndio hatari kubwa. Dhahabu iko chini, kwa hiyo tamaa ni kuingia kama panya chini ya udongo uliosimama. Udongo huo hauna onyo. Punguza kutoka juu kila mara, uwe na mteremko. Kuingia kwenye duara, lile shimo refu la chini, si kazi yako ya likizo, hata ukiahidiwa mara tatu ya posho. Usiku usitembee bila tochi. Mashimo ya zamani hayafukiwi. Ukiwa kwenye korongo na ukaona wingu zito upande wa milimani, toka hata kama kwako jua linawaka.

Chandarua, dawa ya kuharisha, maji ya kuchemsha. Hayo unayajua.

Hesabu na kuuza

Bei ya dunia hutajwa kwa wakia, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Itazame kwenye simu asubuhi ya siku unayouza. Mfano wa namba rahisi: wakia ikiwa dola 3,110, gramu moja ya dhahabu tupu ni dola 100. Dhahabu ya kutoka ardhini huwa na madini ya fedha ndani yake, haiwi tupu. Ikipimwa na kukutwa na usafi wa asilimia 85, gramu yako ni dola 85. Hapo ondoa mrabaha wa serikali wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na tozo nyingine zitakazotajwa. Sasa weka uhalisia: siku ya gramu 0.2 inatoa kama dola 16 hivi, na kama mgao wenu ni nusu kwa nusu, wewe una 8, chakula hakijatolewa. Kuna siku za sifuri. Fanya hesabu hii kabla hujaacha kibarua kingine.

Kuuza, nenda na mwenye leseni kwenye soko la madini au kituo cha ununuzi kinachotambuliwa. Masoko haya yalianzishwa kuanzia 2019, mzigo unapimwa mbele yako kwa mizani iliyokaguliwa, usafi unapimwa kwa mashine, na unatoka na karatasi. Bei ya vichakani huonekana nzuri kwa sababu mnunuzi hakati mrabaha, ila anakata kwenye mizani na kwenye usafi anaoukadiria kwa jicho. Na karatasi hakupi. Polisi akikusimamisha Segera ukiwa na hela nyingi au kichupa cha njano, karatasi ndiyo itakayoongea.

Kausha dhahabu yako kabla ya kupima, toa kila punje ya mchanga, na uipime wewe kwanza kwenye mizani ndogo ya mfukoni ili ukisikia namba ya mnunuzi uwe na ya kwako kichwani.

Ukirudi Tanga

Maji yaliyotuama ya vidimbwi na makorongo ni makazi ya konokono wa kichocho, na wewe umeshinda humo kwa wiki kadhaa. Usiende kupima siku unayoshuka kwenye basi, kwa kuwa mayai ya vijidudu hayaonekani mapema. Subiri wiki sita hadi nane tangu mara ya mwisho ulipoingia majini, kisha upeleke mkojo na choo maabara, hata kama hujisikii vibaya. Ukikutwa nacho dawa ni prazikwanteli, na vidonge unapewa kulingana na uzito wako. Kama kipindi hicho utakuwa umesharudi chuoni, zahanati ya chuo inatosha. Waambie tu ulikuwa machimboni, ili wajue cha kutafuta.